Ngiri ya Baba Mkwe

Mume wangu Dickson hajasomea udaktari, ila gazeti moja la Dar lilimfanya bingwa wa ngiri.

"Hospitali za watu binafsi kule wanatoboa matundu matatu tu, wanaingiza kamera," alinifokea kwenye korido ya hospitali yetu. "Kesho yake mtu anatembea. Nyie hapa mtampasua baba kama mbuzi!"

Hakukosea yote. Kwa ngiri ya kawaida, matundu yana maumivu kidogo na mtu hurudi shambani mapema. Lakini ya baba mkwe, Mzee Ambindwile, ilikuwa imenasa tangu alfajiri: uvimbe mgumu kinenani, haurudi ndani, na anatapika. Utumbo uliobanwa haungoji mtu afike Dar. Daktari Meshaki alikuwa tayari kumpasua hapa hapa Tukuyu, mzee akikubali tu.

Kilichonichoma ni kwamba alikuwa nayo miaka sita, akibeba mikungu ya ndizi huko Kisondela, kimya. Muuguzi pekee katika ukoo ni mimi, na kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Nikimwona njiani, naingia migombani. Habari za kinena angeniambiaje?

Basi nilijibanza nyuma ya pazia la wodi, nikituma maneno kupitia mama mkwe, naye akiyapunguza kwa aibu. Dickson akaja na dereva, wakamwinua mzee wampeleke garini. Mzee akapiga yowe.

Uvumilivu ukanishinda. Nikatoka.

"Baba, ni mimi, Atuganile. Ukipanda gari hilo, utafia njiani."

Mama mkwe akaficha uso kwa kanga. Mzee akajivutia blanketi hadi kichwani.

"Dickson," sauti ikatoka ndani ya blanketi, "nilaze. Mwambie mkeo nimesikia."

Alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, akabaki macho, shuka likimkinga asituone. Daktari akakata, mimi nikimsaidia. Utumbo ulikuwa mweusi kama zambarau. Akanipa kitambaa cha maji ya uvuguvugu.

"Ufunike, tungoje. Rangi isiporudi, itabidi tuukate."

Nilishika utumbo wa mtu ambaye sijawahi kumtazama usoni. Dakika tano. Nane. Niliogopa, nikamwomba Mungu kimoyomoyo.

"Mkwe," akaita ghafla kutoka upande wa pili wa shuka. "Bado upo?"

Nikainua pembe ya kitambaa. Wekundu ulikuwa unaanza kurudi.

"Nipo, baba," nikasema. "Tulia hivyo hivyo."