Nilicheka Kabla ya Kuambiwa

Watu wa hapa Manyoni wananipa hongera mpaka nakereka. Nikipita sokoni, hongera. Nikienda kununua chumvi, hongera, umefika Ujerumani, sasa wewe ni mwandishi wa kimataifa! Naitikia asante kwa sababu mama alinifunza adabu, lakini moyoni nasema laiti mngejua, mngeninyamazia.

Ni kweli nilikwenda. Hadithi zangu zilianza kutoka kwenye magazeti ya watu binafsi, haya yaliyochipuka kama uyoga tangu biashara iachiwe huru. Halafu mama mmoja wa Kijerumani, anayejua Kiswahili kuliko baadhi ya wahariri wangu, akazitafsiri. Chama chao cha vitabu kikanialika mwezi mzima nizunguke miji yao nikizisoma mbele za watu.

Nikapanda treni zinazoondoka hata kama hujamaliza kuagana na mtu. Nikalala kwenye mashuka meupe hadi unaogopa kujifunika. Jioni nasoma, wanapiga makofi, halafu anasimama mmoja anauliza: je, Afrika itatokaje kwenye matatizo yake? Mimi! Mtoto wa mzee Obadia wa reli, niijibie Afrika nzima! Nikawa nawaambia mimi naandika habari za baba yangu tu. Wanacheka, wanadhani natania.

Nisiwe mnafiki lakini, nilifurahi. Huku mhariri akikuchapa anajiona amekufanyia hisani. Kule nilipewa meza, dirisha, na watu waliokaa kimya wakingoja sentensi yangu inayofuata. Hadithi waliyoipenda kuliko zote ni ile ya baba alivyotoka Sekenke akiwa kijana, akaajiriwa reli, na siku ya kwanza tu akamkimbiza nguruwe wa mkuu wa stesheni mpaka kanisani. Niliigiza sauti yake, kikohozi chake, hata mwendo wake wa kuchechemea. Mwezi ulipokwisha wakaniwekea mkataba mezani: rudi ukae miaka miwili, uandike kitabu, ufundishe Kiswahili chuoni. Nikasema nitamuuliza baba kwanza. Wakashangaa, mwanamke mzima kama mimi! Nikawaambia kwetu ndivyo, na mimi mwenyewe ndivyo nitakavyo. Bila neno la baba sitii sahihi.

Basi nilirudi na swali hilo moja. Mdogo wangu Chediel alinipokea stesheni, akaniamkia, akabeba begi bila kunitazama usoni.

"Baba yuko wapi?"

"Amekwenda Mitundu kwa shangazi."

Nikachukia. Anajua leo nafika, halafu anakwenda Mitundu! Njia nzima nilimlalamikia Chediel, naye anazidi kukaza mwendo.

Nyumbani mama alinikumbatia muda mrefu kuliko kawaida. Alikuwa amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Maji ya kuoga yalikuwa tayari, nikaoga. Nikataka kuuliza habari za baba, mama akasema, "Kula kwanza, mwanangu." Majirani wanawake walikuwa wamekaa mkekani, wametulia. Mimi nikadhani wameduwaa kwa habari zangu za Ulaya, nikazidi kuwapasha. Pumbavu kabisa mimi.

Kabla sijamaliza ugali, ikapigwa hodi. Alikuwa mzee Anselm, Mnyamwezi aliyefanya kazi reli pamoja na baba. Mnajua Wanyamwezi na sisi Wanyiramba ni watani, na huyu kwa utani hana mfano. Alikuwa kwao Tabora siku nyingi, ameshuka kwenye treni mchana huo huo.

"Shikamoo, mzee Anselm."

"Marahaba, mtumwa wangu!"

Akapitiliza hadi chumbani kwa baba. Akatoka amevaa koti la baba, anachechemea, anakohoa kama yeye, anamwamuru mama alete chai. Halafu akajilaza kizingitini, miguu huku, kichwa kule, akafumba macho.

"Sinyanyuki! Wanyiramba wachoyo nyie! Sinyanyuki mpaka mnipe kuku wangu!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Alimwigiza baba vizuri kuliko mimi!

"Vua koti la baba, mtumwa wee! Akirudi kutoka Mitundu akakukuta nalo, utakiona cha moto!"

Mzee Anselm akafumbua macho. "Akirudi kutoka wapi?"

Akamtazama mama, akanitazama mimi, akaanza kuvua lile koti. "Mungu wangu," akasema. "Hamjamwambia?"

Mtani ndiyo kazi yake msibani. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anajifanya maiti, ili wafiwa wapate kucheka kidogo. Mzee wa watu alikuwa amechelewa mazishi, akaja kutimiza wajibu wake. Na watu wangu nao walifuata desturi, kwamba mtu aliyetoka safari hapewi habari ya msiba mpaka aoge na ale. Hakuna aliyekosea. Lakini baba yangu amekufa, na mimi nimecheka.

Nilipiga kelele ambazo sikujua ninazo. Nilimrukia Chediel kwa ngumi. "Nilikupigia simu! Ukaniambia wote wazima!"

"Baba alikataza, dada," akasema huku analia, hata hakukinga uso. "Alisema ukijua anaumwa utakatisha safari."

Walimzika Jumamosi. Jumamosi ile nilikuwa jukwaani, nachechemea na kukohoa, na ukumbi mzima unanipigia makofi. Nikikumbuka najichukia, ingawa najua sikuwa na kosa.

Kesho yake nilikaa na mama jikoni, nikamwambia siendi tena kokote, nitabaki hapa nimtunze. Nilidhani atanishika mkono. Badala yake alivua kile kitambaa, kichwa kimenyolewa chote, akanikazia macho kwa hasira.

"Baba yako alikutaja mpaka dakika ya mwisho," akasema. "Nilitaka kumtuma Chediel posta akupigie, akanikamata mkono. Akasema, mwacheni Eliana amalize, na wakimtaka tena, aende. Nikamtii. Nimemzika mume wangu bila binti yake mkubwa, watu wananinong'ona mpaka leo. Sasa unaniambia unabaki? Basi tulimzika bila wewe kwa ajili ya nini?"

Mkataba nimeutia sahihi, naondoka mwezi ujao. Ruhusa ya baba ninayo, na ningetoa kila kitu nilichopata kule anikatalie, mradi anikatalie yeye mwenyewe kwa mdomo wake.