Harusi ya Arek Yapotea Mchana Kweupe

Fathia alikuwa na studio ya picha na video pale Kakuma, na mpiga video wake alikuwa Chol, mtu wa maneno matamu. Kila alipoulizwa kuhusu nakala za kazi za wateja, Chol alijibu, "Bosi, bakap iko. Wewe lala tu."

Fathia hakulala. Umeme ulikatika ovyo, vumbi liliingia hadi kwenye kibodi, na kompyuta ilikuwa moja tu. Basi asubuhi moja, video ya harusi ya Arek ikiwa tayari kuchukuliwa, aliibeba ile kompyuta akaificha nyumbani, chini ya kitanda. Akarudi studio, akajishika kichwa.

"Chol! Tumeibiwa! Toa bakap!"

Chol alitazama meza tupu. "Bakap ilikuwa ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ya kompyuta. Nilifungua folda nyingine."

Fathia akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Chol alidhani analia, kumbe anabana kicheko.

"Mama yake Arek anakuja jioni," akasema bila kugeuka. "Utamweleza wewe."

Huyo mama ndiye aliyemkatiza mchungaji katikati ya mahubiri siku ya harusi, kisa chakula kinapoa. Chol alinyakua flashi, akaazima laptopu ya jirani, akatoka mbio.

Fathia alitarajia atarudi upesi kuomba radhi. Adhuhuri ikapita, Chol haonekani, simu yake haipatikani. Mchezo ukaanza kumchoma mwenyewe. Akaenda kuitoa kompyuta chini ya kitanda, na alipokuwa akiiweka mezani, Chol akaingia, amejaa vumbi kichwa hadi viatu.

"Harusi yote nimeipata!" akasema, akiinua flashi. "Simu ya Nyabol, simu ya Yak, hata ya mchungaji. Wageni wote walirekodi..." Macho yake yakatua kwenye kompyuta. "Bosi!"

Fathia alicheka hadi akakaa chini. Chol alinuna kidogo, kisha akachomeka flashi na kumfungulia kipande kimoja. Alikuwa Fathia mwenyewe, kando ya meza ya chakula, akitumbukiza sambusa kwenye mkoba, moja baada ya nyingine, huku akiangalia kushoto na kulia.

"Futa hiyo!"

"Nitafuta. Kwanza tuongee bakap."

Wakaongea kwa dhati sasa. Kuhifadhi mtandaoni kulitaka malipo ya kila mwezi, na video moja ingemaliza bando kabla haijafika nusu. Flashi nazo zilikuwa zikipotea kama vishikizo vya shati. Wakakubaliana kununua diski mbili za nje. Moja ingebaki studio, nyingine ingekaa Lodwar kwa Aisho, dada yake Fathia, na kila wiki dereva wa pikapu wanayemwamini angezibadilisha. Mwizi au moto ukifika Kakuma, Lodwar kazi iko.

Jioni mama yake Arek alichukua video yake, akalalamika tu kwamba mchungaji ameonekana mno.

Chol akanakili kila kitu kwenye diski ya kwanza, nayo ikasafiri Lodwar. Kesho yake Aisho akapiga simu, na nyuma yake watu walisikika wakiangua vicheko.

"Fathia, nimeichomeka kwenye televisheni nione kama inafanya kazi. Inafanya, tena vizuri! Majirani wanauliza, zile sambusa ulikula na nani?"