Ndoo ya Taka

"Na wewe, Mama, hedhi ilikoma lini?"

Muuguzi aliuliza bila kuinua macho, kwa sauti ile ile aliyotumia kuniuliza mimi uzito wangu. Wifi yangu alikuwa ameketi kando yangu, mkoba mapajani. Mumewe, mdogo wangu wa tumbo moja, alisimama karibu na mlango akinishikia koti. Chumba kilikuwa kidogo: meza ya muuguzi, kitanda cha wagonjwa, mzani, na dirisha lililopakwa rangi nyeupe hadi nusu ili watu wa nje wasichungulie.

"Mwaka juzi," wifi akajibu.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na jibu lilikaa vizuri kabisa. Muuguzi akaliandika. Mimi nikatazama viatu vyangu, maana nilijua kwamba hedhi ya wifi yangu ilikoma akiwa na miaka arobaini, na kwamba kati yetu wanne mle chumbani ni mimi na yeye tu tuliolijua hilo. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Mdogo wangu alikuwa fundi saa, na alioa akiwa na mvi. Tulikuwa tumeshamkatia tamaa. Siku moja akaenda kununua kipande cha kitambaa cha kufutia vioo vya saa, akarudi tena kesho yake kununua kingine, na kingine, mpaka mwuzaji akamwuliza kama anafuta saa au anafuta barabara. Mwuzaji huyo ndiye akawa wifi yangu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kicheko ambacho ukikisikia ukiwa jikoni unaacha kazi uje uone kuna nini.

Nyumba yao ilipendeza. Majirani walicheka jambo moja tu: ndoo ya taka ilikuwa ya mwanamume. Mkewe alipika na kufua, yeye akaosha vyombo akipenda, lakini taka hakumwachia mtu. Kila asubuhi, kabla hajafungua kibanda chake cha saa, alitoka na ndoo mpaka jalalani, amevaa shati lake safi la kazi. "Wifi," nilikuwa nikimtania mkewe, "hebu nipe na mimi hilo limbwata, nimpe wa kwangu." Alicheka mpaka akashika mbavu.

Watu walianza kusubiri mtoto kabla hata maua ya harusi hayajakauka. Shangazi yetu, ambaye hakuwa mtu wa kumung'unya maneno, alimtazama wifi tumboni kwanza, ndipo akamsalimu.

Kisha, msimu mmoja wa baridi, nilimkuta wifi uani amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anajipepea kwa mfuniko wa sufuria. Mimi nilikuwa nimejifunga shali mbili. Yeye gauni lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho.

"Una homa?"

"Sina homa, wifi. Yangu yamekwisha."

Sikumwelewa mara moja. Akanieleza taratibu, macho yake kwenye mfuniko. Siku zake zilipokosa kuja mwezi wa kwanza, alidhani ni mimba. Wa pili akawa na hakika. Alikuwa ameshatenga kitambaa laini dukani, rangi ya maziwa, akakificha chini ya marobota mengine. Daktari akampima, akamwambia si mimba. Kuna wanawake wachache ambao mambo hayo huwaishia mapema, na yeye ni mmoja wao.

"Usimwambie nduguyo," akasema. "Akijua atanionea huruma. Sitaki kulala na huruma kitanda kimoja."

Nilimwahidi. Tangu hapo kila mwezi alinunua pakiti ya pedi kama msichana, akaiweka kwenye rafu ya bafuni mahali ambapo mumewe angeiona, na siku zikifika akazipunguza moja moja. Nilifunga mdomo. Kwa mtu kama mimi, ambaye hata chumvi ikizidi kwa jirani lazima niseme, hiyo haikuwa kazi ndogo. Na yule niliyekuwa namficha nilimbeba mgongoni alipokuwa mchanga.

Mama yetu ndiye aliyetufundisha mifupa ni kitu gani. Aligeuka ghafla kuitikia simu, akaanguka pale pale sebuleni kwenye zulia, nyonga ikavunjika. Hakutoka kitandani tena. Wifi ndiye aliyemwosha na kumgeuza ubavu huu na huu, akisema Mama amekuwa mwepesi kama tita la kuni kavu. Mdogo wangu alikuwa akikaa miguuni pa kitanda kile akimkanda mama nyayo. Tulipomzika alizeeka kwa siku moja.

Kwa hiyo hospitali ilipotangaza kwamba imeazimwa mashine ya kupima mifupa, na kwamba itakaa nayo kwa muda mfupi tu, yeye ndiye aliyeniburuta. Mimi nilikuwa nimeshapita miaka sitini na tano, naingia bila maswali. Lakini alisisitiza mkewe naye aje. Nilidhani ni wa kunisindikiza.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Mashine ilikuwa moja na wanawake walijaa ukumbi mzima, ikabidi achague. Alitueleza anavyochagua: waliofika umri wangu wote, na wadogo zetu wenye sababu. Aliyekonda sana. Aliyevunjika mfupa kwa kujikwaa tu. Ambaye mzazi wake alivunjika nyonga. Aliyemeza vidonge vya pumu kwa muda mrefu. "Na yule ambaye hedhi ilikoma mapema, kabla ya arobaini na tano," akasema. "Huyo ndiye anayetuponyoka. Mfupa wake umekaa bila kinga miaka mingi, na kwa nje unamwona bado kijana. Anakuja kwetu ameshavunjika."

Wifi alisikia kila neno, kisha akaulizwa, akasema mwaka juzi.

"Mama yetu alivunjika nyonga," mdogo wangu akasema kutoka mlangoni. "Hiyo haihesabiwi?"

"Kwa dada yako inahesabiwa, Baba. Kwa mkeo hapana. Ni mzazi wa kukuzaa tu."

Nilimkanyaga wifi mguu chini ya meza. Akauvuta mguu wake. Nikamkanyaga tena, naye akanitazama, na katika macho yale nikaiona ile siku ya uani, na mfuniko wa sufuria. Alikuwa ananiomba. Hasira ilinipanda. Nilimwona amelala kwenye kitanda kile kile cha mama, na safari hii hakuna wifi mwingine wa kumgeuza. Nilitaka kusema. Nilitaka pia kubaki mtu aliyeahidi.

"Basi wewe bado, Mama," muuguzi akamwambia kwa wema. "Uzito wako mzuri, hujavunjika popote. Tutaonana ukifikisha umri."

Wifi akainuka, akalikunjua gauni, tayari kutoka. Mdogo wangu hakusogea mlangoni.

"Sista," akasema, "futa hapo. Andika arobaini."

Muuguzi akainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Ilikoma akiwa na arobaini. Na kimo kimepungua. Ile saa ya ukutani alikuwa akiitia ufunguo mwenyewe bila kupanda kiti. Tangu mwaka jana nimeishusha msumari mara mbili."

Nilikuwa nimeiona saa ile imeshuka. Hata nilimcheka, kwamba anawatundikia saa panya.

Wifi alibaki amesimama katikati ya chumba, mkoba kifuani. Kisha akanigeukia mimi, na nikatikisa kichwa kwa nguvu: si mimi, wallahi si mimi.

"Nani amekwambia?" akamwuliza mumewe.

"Hakuna aliyeniambia. Natupa taka."

"Taka?"

"Zilikuwa kavu," akasema kwa sauti ya chini, macho sakafuni, kama mtu aliyefumaniwa. "Kila mwezi. Umezikunja vizuri, umezifunga kwenye gazeti, na ni kavu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na hukusema."

"Ulitaka nisijue," akasema. "Nikawa sijui."

Muuguzi aliweka kalamu chini, akaenda kusimama dirishani, kwenye ile nusu iliyopakwa rangi ambako hakuna cha kuona. Mimi nilichukua koti langu mkononi mwa mdogo wangu, nikatoka, nikaenda kulia kwenye ukumbi mbele ya wanawake wote wale. Mmoja akanisogezea nafasi kwenye benchi. Alidhani nimepewa majibu mabaya.

Walimpima siku hiyo hiyo. Mifupa yangu, ya bibi mzima, ilikuwa na nafuu kuliko yake. Daktari alisema uti wa mgongo ulikuwa umeanza kubonyea, na kwamba kama angesubiri umri, angeletwa amebebwa.

Akaanzishiwa dawa. Ilikuwa kidonge cha mara moja kwa wiki, asubuhi, tumbo tupu, kwa bilauri nzima ya maji, na baada yake hakuna kulala wala kuinama kwa nusu saa. Nikilala kwao nilikuwa nikiwakuta wawili hao wamekaa mezani, migongo imenyooka kama wanapigwa picha, hakuna chai wala mkate. Mdogo wangu hakuwa na dawa yoyote ya kumeza. Alikaa tu. Nilipowauliza wanazungumza nini nusu saa nzima, wifi akacheka kile kicheko chake cha zamani, akasema, "Tuna maongezi ya miaka kumi na mbili, wifi. Tuache."

Rafu ya bafuni waliweka sabuni.

Mwaka jana moyo wa mdogo wangu ulisimama akiwa kibandani kwake, kioo cha fundi bado kwenye jicho. Wifi alisimama kaburini tangu mwanzo hadi mwisho na hakuna aliyemshika mkono. Mimi ndiye niliyeshikwa.

Juzi nilienda kwake mapema. Nikamkuta anatoka na ndoo ya taka. Nikataka kumpokea, akanikatalia kwa kichwa. Nikabaki langoni nikimtazama anavyokwenda mpaka jalalani, peke yake, ndoo mkono huu, kisha mkono huu, mgongo wake umenyooka.