Herufi A kwenye Springi

Waliokuwapo karakanani Suame, mjini Kumasi, Alhamisi ile asubuhi walikuwa wanne: Ampofo, fundi mwenye karakana; Mama Tiwaa, mjane, mwenye gari; Yaw Dwomoh, mnunuzi wa vyuma chakavu; na Nsiah, mhunzi wa springi wa ng'ambo ya njia, ambaye hakuitwa na mtu ila alivutwa na mkusanyiko.

Gari lilikuwa la mwaka 1971, la marehemu mume wa Mama Tiwaa. Jumamosi marehemu angetimiza mwaka kaburini, na mjane alikuwa ameahidi kwenda Offinso kumkumbuka akiwa ndani ya gari hilo hilo. Lakini tairi la nyuma la kushoto lilikuwa likisugua bodi. Kila gari lilipokata kona na abiria ndani, lilikoroma kama sufuria inayokwanguliwa, na harufu ya mpira ikafuata. Ukoo ulikuwa umekwisha kusema: ikiwa bodi imepinda, Dwomoh alichukue leo hii.

"Fundi, unapima nini tena?" Dwomoh aliuliza. "Hata kipofu anaona limepinda. Linakwenda upande kama kaa."

"Kaa hufika aendako, Yaw," Mama Tiwaa akamjibu. "Wewe na mkokoteni wako ndio mnaolala njiani."

Ampofo hakucheka. Alikuwa amechuchumaa, kidole chake kikifuata alama nyeusi ya mpira. Ilikuwa nyuma ya gurudumu tu. Kama bodi ingekuwa imebonyea, aliwaza, tairi lingekwanguliwa ubavuni. Aliingiza vidole mbele ya gurudumu, kisha akaenda upande wa kulia akafanya vivyo hivyo. Kushoto, pengo la mbele lilizidi kwa vidole viwili. Gurudumu lilikuwa limerudi nyuma. Ila kilichorudi kilikuwa nini: ekseli, au fremu nzima?

"Nsiah, nishikie kamba."

Wakaingia chini ya gari. Walipima fremu kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, kisha wakapima pembe mbili nyingine, maana fremu iliyopinda haiwezi kutoa kipimo kimoja mara mbili. Kamba ilirudi ileile, bila kuzidi wala kupungua.

"Fremu imenyooka," Ampofo alisema kwa sauti ya chini, kama anayejiuliza.

"Imenyooka nini wewe! Na tairi je?" Dwomoh aling'aka.

"Subiri, bwana. Haraka yako ya nini?"

Sasa alipima springi zenyewe, kutoka jicho la mbele, lile tundu la kuifungia kwenye fremu, hadi bolti ya kati inayoishika ekseli. Kulia, sentimita hamsini na nane. Kushoto, sitini na moja. Akapima tena, akapata sitini na moja. Springi ya kushoto ilikuwa mpya. Nsiah aliifua mwezi uliopita baada ya ile ya zamani kuvunjika, na Ampofo akaifunga kwa mikono yake mwenyewe. Akalifuta vumbi kwenye ncha ya mbele. Herufi iliyopakwa rangi ilikuwa bado inasomeka: A.

"Nsiah, hii A yako ni ya nini?"

"Ya akyi, kaka. Nyuma. Upande wa nyuma ndio mrefu, ndio ninaoutia alama."

Ampofo akaitazama tena herufi. Yeye alikuwa ameisoma kama ya *anim*, yaani mbele.

"Wewe uliisoma vipi?" Nsiah aliuliza, kisha akauona uso wake. "Ee! Usiniambie!"

"Na macho ya springi yote mawili umeyafanya ukubwa mmoja," Ampofo alisema. "Ikaingia kinyume bila ubishi."

"Fundi mzima kashindwa na herufi ya kwanza!" Dwomoh alipiga makofi.

Mama Tiwaa hakupiga makofi. "Ampofo, mwanangu, niambie moja tu. Niwaambie nini ukoo?"

Fundi alitoka chini ya gari, akasimama mahali ambapo wote watatu walimwona.

"Sikilizeni nyote. Gari hili halikatwi. Bodi ni nzima, fremu ni nzima; kosa ni langu mimi, niliifunga springi kinyume, upande mrefu mbele, ukaisukuma ekseli nyuma, na ukoo uambiwe hivyo kwa jina langu. Ninaigeuza sasa hivi. Kesho nitalijaza watu na kulikatisha kona zote za Suame. Likikaa kimya, Jumamosi mama anakwenda nalo Offinso. Yaw, mkokoteni wako urudi mtupu."