Taa ya Nyuma

Binti yangu alisema mbele na nyuma. Hakusema mbele peke yake, wala hakusema tutaona. Alisimama mlangoni pa stoo akiwa ndiyo kwanza anatoka kazini kwake, kwenye tanuri la mikate, unga bado uko kwenye nyusi, akaniambia, "Baba, siku nitakayoona taa inawaka mbele na nyingine inawaka nyuma, na hazitegemei betri utakayosahau kuichaji, siku hiyo utaondoka na baiskeli yako. Kabla ya hapo, inabaki kwenye misumari yake ukutani."

Ningebisha vipi? Safari iliyopita tochi yangu ilizimika wakati wa magharibi kwenye barabara kuu, lori likanipitia karibu mno, nikaishia mtaroni na mtulinga umevunjika. Yeye ndiye aliyekuja kunichukua. Hakunisema njia nzima, na huko kunyamaza kwake kuliniuma kuliko mfupa.

Lakini sasa Kengele alikuwa anakuja. Kengele ni mwenzangu wa barabarani tangu ujana. Tulimpa jina hilo kwa sababu hupiga kengele ya baiskeli yake hata nyikani, pasipo na mtu wa kumpisha. Alinipigia simu akasema kesho alfajiri anapita kwetu, anavuka milima hadi kule mto unapoingia ziwani. Ni mahali ambapo mimi na yeye tulipanga kufika tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, na kila mara kitu kikazuka. Mara mvua, mara ndoa, mara mguu wake, mara mtulinga wangu. Sasa nywele zenyewe zinatuaga. Na Kengele hamsubiri mtu. Anapiga kengele getini, na usipotoka, utaisikia tena akiwa kwenye kona.

Kwa hiyo nilikuwa na mchana mmoja, dinamo mkononi, na moyo unaonidunda kama wa kijana anayekwenda kuposa.

Kwa asiyeijua, dinamo ni kichupa cha chuma chenye kofia ndogo kichwani. Unakifunga kwenye uma wa gurudumu la mbele, kofia inagusa ubavu wa tairi. Tairi likizunguka, kofia nayo inazunguka, na umeme unatoka. Huchaji kitu, hununui betri. Unapiga pedali, unaona njia. Kitu cha namna hiyo mimi nakipenda kuliko sukari.

Niliishusha baiskeli ukutani, nikaigeuza miguu juu kwenye ua. Ilikuwa inang'aa. Muda wote ilipokuwa ikining'inia stoo, mjukuu wangu wa kike, ambaye kazi yake ni kuandika mabango ya maduka, alikuwa anaipaka rangi. Kijani kibichi, tabaka juu ya tabaka, na mstari mwembamba wa njano unaozunguka fremu yote bila kutetereka hata mahali pamoja.

"Ukiikwaruza, mume wangu, nakuacha," aliniambia. Huo ndio utani wetu. Ameniita mume wake tangu alipoota meno.

"Sitaikwaruza."

"Nakujua. Unashika spana kama unaua nyoka."

Nikafanya kazi taratibu, siyo kama ninavyofanya siku zote. Nilikata vipande vya tyubu kuukuu, nikavikunja vizuri, nikaviweka chini ya kila kishikio: cha dinamo kwenye uma, cha taa ya mbele, na cha taa ya nyuma kwenye keria. Chuma kisiguse rangi hata kidogo. Nikapitisha waya kutoka kwenye dinamo kwenda taa ya mbele, na waya mwingine mrefu ukafuata fremu chini ya mstari wa njano hadi taa ya nyuma. Nikaubana kwa utepe mweusi, kila pindo limelala. Mwishoni nikabaki na skrubu moja ndogo yenye ncha kali, iliyokuwa kwenye kishikio cha dinamo. Ilikuwa imeelekea kwenye rangi kama meno ya panya. Nikaitia mfukoni. Kila fundi hubaki na kitu, nikajiambia.

Mkwe wangu akarudi saa za alasiri na mfuko wake wa kazi begani. Yeye ni fundi wa umeme wa majumbani, mtu mpole, hata nyundo huipigia hodi. Akaizunguka baiskeli, mikono nyuma.

"Shikamoo, Baba. Waya mwingine uko wapi?"

"Marahaba. Upi huo mwingine?"

"Naona taa hii ina waya mmoja, na ile ina waya mmoja. Taa inataka nyaya mbili. Umeme ukienda, lazima uwe na njia ya kurudi."

"Unarudi kwa fremu, mkwe. Chuma chote hiki ni waya. Baiskeli nzima ni waya."

"Kwenye nyumba hatufanyi hivyo."

"Nyumba haina magurudumu."

Akacheka, akasema haya, tuione. Mjukuu akaja na brashi yake sikioni. Nikasukuma dinamo, ikaegemea tairi kwa mlio wake ule mtamu, tak. Nikashika pedali, nikaizungusha kwa mkono, nikakumbuka kwamba pedali inazungusha gurudumu la nyuma, na dinamo iko mbele.

"Babu ametangulia ziwani," mjukuu akasema.

Nikalishika gurudumu la mbele lenyewe, nikalivuta kwa nguvu. Likazunguka. Dinamo ikavuma kama nyuki ndani ya gunia. Tukainama wote watatu kutazama taa.

Giza.

Nikavuta tena, kwa nguvu zaidi, mpaka bega langu la mtulinga likanikumbusha habari zake. Giza mbele, giza nyuma. Jua lilikuwa limeshaegemea ukuta wa jirani, na binti yangu hutoka kazini kabla halijazama.

"Globu zimekufa," nikasema.

Mkwe akazipima kwa betri kutoka mfukoni mwake. Zikawaka zote mbili, moja baada ya nyingine, kama zinanicheka. Akapima nyaya, zikawa nzima. Akaninyooshea kidole nizungushe gurudumu, akagusa dinamo yenyewe kwa nyaya zake mbili na globu. Ikawaka.

"Dinamo inatoa," akasema. "Safari ya kwenda ipo. Ya kurudi ndiyo haipo." Akachutama, akagusa mwili wa dinamo kwa waya mmoja na nati ya ekseli kwa mwingine, na betri katikati. Globu ikabaki kimya. "Hapa pana ukuta, Baba." Kisha akaona ncha nyeusi imechungulia pembeni mwa kishikio. Akaivuta kidogo kwa kucha. "Hiki nini?"

"Mpira."

"Wa nini?"

"Wa kulinda rangi."

Mkwe wangu alifungua mfuko wake, akatoa glavu zake za kazi, nene, za mpira, akaziweka juu ya tairi mbele yangu.

"Baba, unajua kwa nini mimi huvaa hizi?"

Mjukuu alikaa chini. Alicheka mpaka brashi ikamtoka sikioni. "Amezivalisha glavu," akasema. "Taa zote amezivalisha glavu, umeme usizipige shoti."

Nami nilikuwa nimeshakumbuka skrubu iliyokuwa mfukoni. Nikaitoa, nikaitazama ile ncha. Ndiyo ilikuwa kazi yake: kutoboa rangi, kuuma chuma, kuufungulia umeme mlango. Aliyeitengeneza hiyo dinamo alijua rangi itakuwepo. Alichokosa kujua ni kwamba kutakuwa na babu anayeipenda.

Nikatoa mpira wa dinamo na wa taa ya mbele, nikavirudisha vishikio, nikaitia skrubu mahali pake, nikashika bisibisi. Mkono ukakataa. Nilitazama ule mstari wa njano na sikuweza.

"Lete hapa," mjukuu akasema. Aliichukua bisibisi, akakaza skrubu hadi ikalia ndani ya rangi, krr. Kisha akachukua msasa wake, akakwangua sehemu ndogo chini ya taa ya mbele, chuma kikatoka cheupe. "Rangi naipaka mimi, naikwangua mimi. Zungusha, mume wangu."

Nikazungusha. Taa ya mbele ikafumbua jicho. Kwanza jekundu jekundu, halafu njano, halafu jeupe kabisa, ikapiga kwenye ukuta wa stoo duara la mwanga lenye ukubwa wa sinia. Gurudumu lilipopunguza mwendo duara likafifia, nikalivuta tena, likarudi. Sijui nililivuta mara ngapi. Mkwe alisema basi, Baba, utachoka kabla ya safari, lakini na yeye alikuwa anatabasamu kama aliyeoa jana.

Na nyuma? Giza.

Geti likalia. Binti yangu akaingia na mkate chini ya kwapa, akasimama, akatazama duara la ukutani likififia. Akazunguka hadi nyuma ya baiskeli. Akatazama pale pia.

"Nilisema mbele na nyuma."

"Tunakuja nyuma," nikasema.

"Kengele anakuja alfajiri?"

"Alfajiri."

"Naingia kuoga," akasema. "Nikitoka, nitakachokikuta ndicho hicho."

Hapo kila mtu akashika chake. Mpira wa nyuma ukatoka. Mjukuu akakwangua chini ya taa. Nikazungusha, giza. Akakwangua upande wa pili, nikazungusha, giza tena. Keria ilikuwa imefungwa kwenye fremu kwa bolti nne, na alikuwa ameipaka rangi vizuri mno, ndani na nje, hadi kwenye matundu ya bolti. Ingebidi tuifungue yote, na maji bafuni yalikuwa yanasikika yakimwagika.

Mkwe alikuwa amekaa kimya pembeni. Najua alichokuwa anangoja. Hawezi kumwambia baba wa mkewe mara ya pili.

"Mkwe," nikasema, "weka huo waya wako wa pili."

Akauchomoa mfukoni kabla sijamaliza. Ulikuwa waya wa atha, ule unaoingia ardhini kwenye majumba, na sote tulipouona tukaangua kicheko: kijani, wenye mstari wa njano. Ungedhani fremu ndiyo iliyokuwa imepakwa ili ifanane nao. Mjukuu akaushika akaulaza kandokando ya ule wa kwanza, na ukipita mbali kidogo huuoni kabisa. Mkwe akafunga ncha moja kwenye mwili wa dinamo na nyingine kwenye taa ya nyuma. Maji bafuni yakanyamaza.

Binti akatoka na taulo kichwani. Tulikuwa tumeshaigeuza baiskeli ikasimama kwa magurudumu yake. Nikainua usukani, mjukuu akavuta gurudumu, na taa zikawaka, nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Nilimtazama yeye, sikuzitazama taa.

"Mkononi kila kitu kinawaka," akasema. "Nipe."

"Unakwenda wapi?"

"Kuijaribu."

Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha, nikikimbia nyuma yake nimeshika siti, na tangu awe mtu mzima sijamwona juu ya baiskeli. Alipanda na taulo lake kichwani. Akayumba getini, akanyooka, akaondoka. Barabara ilikuwa imeshaingia kiza chepesi. Tukaiona taa nyekundu ikishuka mtaa, ikawa ndogo, ikakata kona ikapotea. Tukangoja. Mkwe alikohoa. Mjukuu akasema mama ametoroka, ameshika njia ya ziwani.

Kisha taa nyeupe ikatokea upande wa juu wa mtaa, kumbe amezunguka, inakuja kasi, inazidi kung'aa kadiri anavyokanyaga, na mtu nyuma yake anapumua kwa nguvu. Taulo lilikuwa shingoni. Alifunga breki mbele yetu, na taa zote mbili zikazima.

Kicheko kilichokuwa usoni mwake kikazimika nazo.

"Ukisimama zinazima."

Nilijua atafika hapo. "Ndivyo dinamo ilivyo. Hainunuliki kwa maneno, inataka miguu."

"Kwa hiyo ukisimama barabarani, uko gizani."

"Basi sitasimama."

"Hilo ndilo ninaloliogopa kwako, Baba, tangu niko mdogo," akasema, taratibu, bila ukali. Mkwe akaanza kukusanya vifaa vyake ambavyo tayari alikuwa amevikusanya.

Nilimshikia usukani ashuke. Alisimama kidogo akiwa ameweka mkono kwenye siti, halafu akaingia ndani. Nilidhani imekwisha. Nikaanza kuifikiria misumari ile miwili ukutani.

Akarudi na kizibao chake cha kazini, chenye mikanda ya fedha inayometa ikimulikwa, anachovaa akitembea kwenda kwenye tanuri kabla hakujapambazuka. Akanivalisha mwenyewe, akanifunga zipu mpaka shingoni kama mtoto wa shule.

"Ukisimama, hiki hakizimi."

"Na wewe?"

"Mimi naenda mtaa wa pili. Mume wangu atanisindikiza. Wewe unakwenda unakokujua mwenyewe."

Alfajiri, Kengele alipopiga kengele getini, nilikuwa nimeshasimama pale na mizigo kwenye keria, mdomo umejaa mkate. Alitazama kijani changu, njano yangu na mikanda yangu ya fedha.

"Umekuwa gari la serikali," akasema.

"Panda twende."

Mtaa wetu unateremka hadi kona, na mtu yeyote mwenye akili huuachia ukamshusha wenyewe. Mimi nilikanyaga. Taa ya mbele ilikuwa inamwaga mwanga kwenye lami, lakini ile si shida, ile naiona. Ya nyuma mwendeshaji haioni. Wanaiona waliobaki getini.

"Polepole," Kengele akanipigia kelele, anahema. "Mbona unatukimbiza, tuna milima huko mbele."

"Mpaka kona," nikasema, na nikazidi kukanyaga, dinamo ikiimba, nikiwa sijageuka. Nilikuwa nakaribia kupinda niliposikia sauti ya binti yangu kutoka getini, mtu ambaye hapazi sauti hata akiungua na tanuri.

"Inawaka, Baba. Bado inawaka."