Mkalimani wa Kioo

Herufi zilimwagika kwenye kioo cha televisheni kama mchele wa gunia lililopasuka. Binti mtunga-programu akashusha pumzi. Baba yake, blanketi magotini, alitikisa mabega. Ndivyo alivyocheka tangu upasuaji wa koo uondoke na sauti yake.

"Usinicheke, Baba. Itakubali tu."

Kalamu haikushikika kwa mikono ya baba inayotetemeka. Kule hospitali alikuwa akibonyeza herufi kwenye mtambo uliounganishwa na kompyuta kubwa, na programu ilivumilia vidole vilivyoteleza. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, maneno yakabaki wodini. Tangu hapo mkewe ndiye aliyemsemea. "Baba yenu kachoka." "Baba yenu hataki wageni." Hata hili la kuhamia kwa kaka mkubwa wa binti, ambaye lori lake lingefika kesho, mama alilipata kwa kuona kichwa cha mumewe kikiinama.

Kompyuta ndogo ya kutumia nyumbani, binti aliiazima kwa rafiki, akaiunganisha na televisheni iwe kioo chake. Kuinakili programu hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kioo. Programu ilizoea kukiamrisha kioo cha hospitali moja kwa moja, kwa amri ambazo televisheni haikuzielewa hata kwa dawa. Akabandika kiraka hapa, kikafumuka pale. Mwisho akaacha ubishi. Aling'oa kila amri iliyolenga kioo kimoja, akaweka katikati kijiprogramu kama mkalimani. Programu iseme tu, weka herufi hapa, futa mstari ule. Mkalimani atajua kioo kilichopo kinasikia lugha gani. Mistari mirefu akaifundisha kujikunja, maana televisheni ilikuwa na nafasi finyu.

Akawasha tena. Safari hii kioo kikatulia, kitupu na safi.

"Mnacheza nini huko, na vyombo havijafungwa?" Mama aliingia na sufuria kwapani.

Baba akabonyeza. Kidole kikateleza, programu ikakisamehe. Herufi zikaja mojamoja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

SIKUKUBALI KUHAMA

Mama akasoma kwa sauti, kisha akasoma tena kimyakimya.

"Lakini uliitikia kwa kichwa! Nilikuona kwa macho yangu."

NILIKUWA NASINZIA

Binti aliangua kicheko, akamtazama mama yake, kicheko kikamkauka. Mama alikuwa ameiweka sufuria sakafuni na kukaa, taratibu, kama aliyeambiwa habari ya msiba.

"Miezi yote hii," akasema, "kumbe nilikuwa naongea peke yangu." Akamgeukia baba. "Na mengine je, mume wangu? Mangapi nimekusemea sivyo?"

 Baba hakutikisa kichwa, wala hakukiinamisha. Binti akasimama, akatoka ukumbini bila kuaga, mlango akauacha wazi kidogo.

Mama akavuta kiti karibu na televisheni, akavaa miwani. Kidole cha baba kikazunguka juu ya herufi, kikitafuta pa kuanzia.