Sanduku Lililotangulia Kigoma

Hyacinthe alikuwa karani kwenye uwanja wa ndege wa Bujumbura. Kazi yake ilikuwa kuandika saa ambazo ndege zinaondoka na zinafika. Alipopata ruhusa ya kurudi nyumbani Rumonge, alimweleza mkewe Vestine kwamba kutoka Bujumbura hadi uwanja wa Kigoma ni karibu kilomita mia na themanini, na ndege ndogo inazimaliza kwa dakika arobaini na tano. Vestine alicheka. Yeye akitaka mawese Minago, alitembea asubuhi nzima.

Mwezi wa tano mwaka 1972, pwani ya ziwa ilikuwa imejaa vifo. Waasi walikuwa wameingia na mapanga, wakaua watu. Baada yao wakaja wanajeshi wa serikali, na sasa Wahutu waliosoma, kama Hyacinthe, walikuwa wakichukuliwa mmoja mmoja, hata makazini. Dereva wa kamyo akamletea Vestine barua. Hyacinthe alikuwa amepata tiketi ya Jumamosi. Vestine apite ziwani na watoto, wakutane Kigoma. "Usinisubiri Rumonge," aliandika. "Mimi nitafika mbele yenu."

Mvuvi mmoja wa Kivu, jina lake Kalume, aliwapakia ufukweni Kigwena kwenye mtumbwi wake: Vestine, Généreuse wa miaka minane, na Bora aliyekuwa bado ananyonya. Walikwenda siku tano. Kila waliposikia injini waliingia kwenye matete na Vestine akamziba Bora mdomo kwa titi. Siku ya tatu mtoto alishikwa na homa, Kalume akavua shati lake akamfunika.

Kigoma walipokelewa na Batuli, mama mmoja aliyewapa chumba cha uani. Kesho yake Vestine alikwenda uwanjani. Karani wa pale alitafuta kwenye orodha ya Jumamosi. Jina la Hyacinthe lilikuwepo, ila hakukuwa na alama ya kupanda. Akasema labda alichelewa, atakuja na nyingine.

Ndege ilikuja mara moja kwa juma. Vestine alikwenda, akarudi peke yake. Akaenda tena. Juma la tatu alishuka Lukeba, Mkongomani aliyefanya kazi meza moja na Hyacinthe. Alipomwona Vestine alipunguza mwendo.

"Mama Généreuse, tukae kwanza."

"Sikai. Sema."

Lukeba akasema. Hyacinthe alitolewa kwenye mstari wa abiria, tiketi mkononi, akapandishwa kwenye kamyo ya wanajeshi pamoja na wengine wawili. Katika wale wa kamyo ile hajarudi hata mmoja. Vestine aliuliza kama walimpiga. Lukeba alisema hapana, kisha akageuza uso.

"Lakini sanduku lake lilikuwa limeshapakiwa," alisema. "Lilikuja."

Lilikuwa stoo, chini ya magunia, halina mwenyewe. Vestine alilibeba kichwani hadi kwa Batuli, akalifungua kitandani. Nguo za mumewe zilikuwa shati moja na suruali moja. Kwingine kote alikuwa amepanga vitu vyao: blanketi la Bora, vitenge viwili, sabuni, viatu vipya vya Généreuse na madaftari yake ya shule.

Généreuse alisimama mlangoni akauliza kama baba amekuja. Vestine alimwita, akamkalisha, akamvalisha kiatu kimoja, kisha cha pili, akavifunga kamba vizuri. Halafu akamshika miguu yote miwili na kumwambia habari ya baba.